Mwiko wa Nyumba ya Bibi

Juzi nilinunua kioo kidogo sokoni Mbulu, kile cha mviringo chenye mpini wa plastiki. Muuzaji, kijana mchangamfu, akaniambia nitazidi kupendeza. Nikamshukuru, nikaacha hivyo hivyo. Ningemwambiaje kwamba kioo ni cha kuangalia nyayo? Nina kisukari, na nesi wa kliniki amesisitiza niikague miguu kila siku, mpaka katikati ya vidole, maana siku hizi haihisi vizuri. Niliporudi kwenye chumba changu cha kupanga nikakaa kitandani, nikainua mguu, nikautazama kwenye kioo. Hapo nikamkumbuka bibi. Nililia kidogo, sikufichi.

Maana bibi hakuwa na kioo. Alikuwa na mimi.

Alinilea juu ya kilima nje ya mji, enzi ambazo Manyara haijawa mkoa na sisi sote tulihesabiwa watu wa Arusha. Wewe uliyekulia kwenye baridi ile unaijua: asubuhi ukungu mpaka ng'ombe huwaoni, unasikia kengele tu; moshi wa kuni kwenye nguo; vitunguu swaumu vimetundikwa jikoni, na harufu yake inakufuata mpaka darasani. Alasiri, jua likipiga ukuta wa nyuma, bibi alikuwa akikaa kwenye kigoda na kunyoosha miguu. Naiosha kwa maji ya uvuguvugu niliyoyapima kwanza kwa kiwiko changu, naikausha, napaka mafuta, kisha naikagua kama mtu anayechambua mchele. "Jicho lako ndilo mguu wangu," alikuwa akisema. Siku moja nilikuta mwiba umezama kisiginoni na mwenyewe hana habari. Tangu hapo akavaa raba hata zizini, na watoto wa jirani wakawa wanamtania kwamba anakwenda ofisini.

Miguu ilikuwa kazi rahisi. Lililomtesa bibi ni chai.

Unakumbuka sukari iliporudi madukani? Kabla ya hapo tuliipangia foleni, na aliyeipata aliificha chini ya kitanda. Halafu biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa, na kila nyumba ikataka kuonyesha kwamba na yenyewe imo. Kumheshimu mgeni ikawa ni kumwekea sukari mpaka kijiko kisimame. Na ndio wakati huo huo bibi akaambiwa hospitalini aache sukari, ale kwa saa zake, ugali kidogo na mboga za majani kwa wingi, na asiruke vidonge. Akatii. Alikuwa na bakuli lake la kupimia chakula, hakuna mwingine aliyeligusa. Akikaribishwa chai, anasema ameshiba. Pombe ya mavuno, ambayo kibuyu kimoja huzunguka watu wote, akaipisha ipite. Mwishowe akaona aibu kukataa kila siku, akaacha kabisa kwenda kwa watu.

Sasa kwetu, tangu zamani, nyumba iliyopatwa na jambo zito hujitenga. Watu wake hula kwenye vyombo vyao, hawashiriki kikombe na mtu mpaka muda wa mwiko upite, ili balaa lisivuke ua. Jirani mwenye adabu haulizi, anapita mbali. Walipomwona bibi na bakuli lake, haendi kwa mtu wala hanywi kwa mtu, wakajua nyumba yetu ina mwiko. Basi wakatuheshimu. Yaani hakuja mtu.

Sijaona tena heshima inayoumiza vile. Jirani wa ng'ambo ya kijito, rafiki wa bibi tangu usichana wao, alitupungia mkono tu kutoka shambani kwake. Bibi aliamini kwamba wamemchukia kwa kukataa chai yao. Kila alasiri alifagia uwanja, akaweka kigoda cha pili, kisha akakirudisha ndani hakijakaliwa.

Alasiri moja akasimama ghafla. "Dawa ya hospitali ni nzuri," akaniambia, "lakini bila watu nitakufa tu. Leo nakunywa chai yao, na sukari yake." Nikamfuata nikiwa na hofu. Nilikuwa nimeshamwona sukari ikimpanda: ile kiu isiyoisha, macho yanaingia ukungu, anaita jina langu mara mbili mbili. Sikutaka kuyaona tena.

Hatujafika hata uani, jirani akapaza sauti.

"Dada! Mwiko wenu umeisha? Mimi nimechoka kunywa chai na mbuzi!"

"Mwiko gani?" bibi akauliza.

"Si huo uliokufungia ndani."

Bibi akaeleza: hospitali, vidonge, bakuli. Jirani akacheka mpaka akakaa chini. "Kumbe ni sukari tu! Na wewe ukakaa kimya, dada yangu?" Halafu wakashikana mikono, wakalia wote wawili. Birika iliyokuwa motoni jirani akaimwaga, akachemsha chai nyingine ya maziwa na tangawizi, bila sukari, akainywa na yeye huku amekunja uso.

Tangu siku hiyo alikuja kila alasiri na sukari yake amefunga kwenye pindo la kanga, ili nyumbani kwetu isiwepo ya kumtamanisha bibi. Nilipokwenda shule ya bweni, yeye ndiye aliyeosha ile miguu na kuikagua. Bibi alizikwa na miguu yake yote miwili, haina kidonda.

Sasa hawapo wote wawili, na kwenye ile nyumba wanaishi watu nisiowajua. Hapa ninapopanga majirani ni wema, tunasalimiana, kila mtu anafunga mlango wake. Nikikataa soda kwenye sherehe, wanasema "sawa" na kumpa mwingine. Nakula peke yangu kwenye bakuli langu, kwa saa zangu, na ninaona upweke sana. Kioo changu kinaonyesha vizuri, sikilaumu. Ila natamani alasiri moja mtu asimame getini, apaze sauti, aniulize mwiko wangu unaisha lini.