Fundi Saa na Leza ya Bei Chee Iliyomtoboa Jicho

Saa mbili kasoro robo asubuhi, fundi saa anafungua kibanda chake, anafuta meza kwa kitambaa cheupe na kukaa. Anachukua lenzi, kile kikombe kidogo cheusi chenye kioo cha kukuza ambacho mafundi wa kazi hii hukibana kwenye tundu la jicho. Mkono unaipeleka kulia, unasita njiani, kisha unaihamishia kushoto.

"Mkono bado haujaambiwa," anasema. "Miaka thelathini na mbili unajua jicho la kulia. Wiki sita ni nini?"

Lenzi inamponyoka. Jicho la kushoto halijajua kubana. Anaidaka kabla haijafika sakafuni, midomo inamcheza, na kile anachokisema kimoyomoyo si cha kuandika gazetini.

Leo hagusi kazi ya ndani. Anabadilisha betri, anakaza mikanda, anaangalia mlango. Saa nne ana miadi na daktari wa macho, ambaye atamwambia kama jicho la kulia litarudi kazini au ndiyo basi. Mtu mwingine akipungukiwa jicho moja atalalamika, atazoea. Fundi saa akipungukiwa jicho lake la lenzi, riziki yake yote iko mashakani.

Majirani wa kibanda humwita Sekunde. Ana miaka hamsini na mmoja, vidole vyembamba, na tabia ya kucheka kwa pua. Leo hacheki. Amevaa shati la kwendea harusini, eti daktari asimwone mtu ovyo.

Balaa hili alilinunua mwenyewe, kwa hiari yake, mtandaoni.

Wanaume wa rika lake wana mpira na kahawa. Yeye ana vipande vya mbao. Siku za mapumziko huketi uani akichora samaki, majani na majina ya watu. Kwa miaka mingi alichora kwa kisu, mpaka alipoona kwenye simu video ya mtu anayechora kwa leza ya mkononi, kitu chenye umbo la tochi ambacho mwanga wake unachoma mbao.

Leza za kampuni zinazojulikana zilimshinda bei. Akaendelea kuteremka ukurasa hadi ukurasa, mpaka akakutana na moja iliyouzwa kwa moja ya sita ya bei hizo, sawa na mapato yake ya siku tisa. Tangazo lilijigamba kwamba inawasha kiberiti kilichosimama upande wa pili wa chumba. Ilipofika, lebo iliyobandikwa kwenye leza yenyewe ilisema nguvu yake ni ndogo na ni salama hata kwa watoto.

"Nilisoma vyote viwili, nikacheka," anasema. "Nikasema hawa hawajui hata wanauza nini. Sikujiuliza ni kipi cha uongo."

Ndani ya boksi kulikuwa na miwani ya kinga ya rangi ya kijani. Aliivaa. Kwa wiki mbili alichoma kila alichokiona. Mke wake, ambaye ni mshonaji, aliletewa ubao wenye picha ya cherehani akautundika ukutani. Hata mwiko wa ugali haukusalimika.

"Nilimwambia, baba, ukimaliza miiko utahamia kwenye milango," mke wake anasema. "Alikuwa na furaha. Siwezi kudanganya, nilipenda kumwona vile."

Jumapili moja mchana, Sekunde akapata wazo. Kama mbao inakubali, je, mgongo wa saa? Aliota kuwaandikia wateja majina yao. Akachukua saa ya chuma iliyong'arishwa, akaipaka wino mweusi mgongoni, akachoma herufi ya kwanza. Wino ukatoka. Alitaka kujua kama chuma nacho kimepata alama, na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo wewe na mimi tusingelifanya.

Fundi saa akitaka kuona kitu, habani macho na wala hasogezi kichwa. Anaweka lenzi. Lakini lenzi na miwani ya kinga havikai pamoja kwenye uso mmoja. Sekunde akaipandisha miwani kwenye paji la uso, akabana lenzi, akainama karibu, na mkono mwingine bado umebonyeza kitufe.

"Kichwani mwangu, lenzi ndiyo kinga," anasema. "Vumbi, vipande vya chuma, springi zinazoruka, vyote vimenigonga kwenye lenzi, jicho likabaki salama. Nilisahau kwamba kilicho mbele yangu ni kioo. Ile saa nilikuwa nimeing'arisha mwenyewe."

Chuma kikaurudisha mwanga ulikotoka. Ulikuwa mmweko tu, na hakusikia maumivu yoyote. Hilo linamuudhi hadi leo, kwamba hata kuungua hakuungua kwa heshima. Alipofumba la kushoto na kutazama saa ya ukutani, akaona namba zote kumi na mbili, lakini pale mishale inapokutana hapakuwa na kitu. Palikuwa na ukungu wa kijivu, na kila alipotazama, ukungu ulitangulia kufika.

"Nikamkuta anaukodolea macho ukuta," mke wake anasimulia. "Nikamuuliza, kuna mjusi? Akasema, mama, njoo uniambie saa ngapi. Fundi saa ananiuliza mimi saa!"

Alikaa siku nne akijitia dawa ya matone, akiogopa kuambiwa ukweli. Daktari alimgombeza kwa kuchelewa, akampa dawa ya kupunguza uvimbe nyuma ya jicho, na akampa wiki sita.

Wiki sita hizo zimekwisha leo.

Kliniki imejaa. Mke wake ameshika bahasha ya vyeti kwa mikono miwili. Leza, anasema, ameitoa betri na kuifungia kwenye droo ya cherehani, na mume wake akiitafuta, wataonana wabaya. Sekunde anajitahidi kutabasamu, anashindwa.

Daktari ni mwanamke kijana asiyependa maneno mengi. Anaziba jicho la kushoto la Sekunde kwa kikombe cha plastiki.

"Soma mstari wa tatu, baba."

Sekunde anageuza kichwa kidogo, kama mtu anayechungulia nyuma ya mlango.

"E," anasema. "Halafu kuna kitu. Halafu P."

"Hicho kitu ni herufi gani?"

"Sikioni, daktari."

Anajaribiwa mstari wa pili, kisha wa kwanza. Anapigwa picha ya ndani ya jicho. Daktari anaitazama kwenye kompyuta muda mrefu kuliko inavyopendeza, na mke wa Sekunde anaanza kuikunja bahasha.

"Uvimbe umekwisha," daktari anasema. "Kovu limebaki. Na kovu hilo haliondoki, baba."

Anaeleza kwamba kitu kinachowasha kiberiti hakiwezi kuwa salama kwa jicho, lebo iseme inavyotaka. Anaongeza kwamba ile lenzi huenda iliutawanya mwanga kidogo, bila hiyo kovu lingekuwa baya zaidi.

"Tuambie wazi," mke wake anasema. "Kazi ataifanya?"

"La kulia litamsaidia kutembea na kuvuka barabara. Skrubu ya saa, hapana. La kushoto ni zima, ila itabidi alifundishe."

Nje, Sekunde anakaa kwenye ngazi na kulia waziwazi, katika shati lake la harusi. Mke wake anakaa pembeni yake, hamwambii anyamaze.

Saa nane mchana amerudi kibandani. Mteja wa kwanza ni mama mmoja, mwalimu mstaafu, na mkononi ana saa ndogo ya kike iliyosimama.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hii imekufa tena, fundi. Ni ya marehemu dada yangu, sitaki mwingine aishike."

Sekunde anaipokea, anaitega sikioni, anairudisha juu ya meza.

"Mwalimu, hii siiwezi. Jicho langu la kulia limeharibika na halitapona. Naanza upya na la kushoto, kama mwanafunzi. Kila asubuhi nitachambua skrubu, zikinikubali nitaingia kwenye saa za ukutani, halafu ndogo. Nimejipa miezi sita."

Ni mara ya kwanza kumwambia mteja. Wiki zote hizi alikuwa akiwadanganya kwamba ni chekea, kijipu tu cha kwenye kope. Mwalimu anamtazama, kisha anaiviringisha saa yake kwenye leso na kuitia mkobani.

"Niachie namba yako ya simu," Sekunde anasema.

"Ya nini, na saa naondoka nayo?"

"Nikupigie siku nitakayoweza."

Mwalimu anaitaja namba polepole, Sekunde anaiandika kwa tarakimu kubwa upande wa ndani wa mlango. Mama wa watu anatoka, anapiga hatua tatu, anageuka.

"Nisipopokea, piga tena," anasema. "Siku hizi masikio yangu nayo hayasikii vizuri."