Kabla ya kwenda kwenye mizinga, Jesca hunusa shingo

Saa moja na nusu asubuhi, Jesca anasimama mlangoni pa darasa la sita na kunusa shingo za wenzake, mmoja baada ya mwingine. Sabuni ya mche, pita. Harufu ya moshi wa jikoni, pita. Mvulana mmoja anarudishwa kisimani.

"Umepaka mafuta ya dada yako," Jesca anamwambia. "Kasugue na mchanga."

Mwalimu wake, Redempta Ntandu, anatazama jua. Likipanda, nyuki huwa wakali. Leo hana nafasi ya kukosea.

Shule hii iko nje kidogo ya Mtinko. Darasa la sita lina watoto sitini na wanane na vitabu vinne vya sayansi, kimoja hakina jalada. Kwa hiyo Mwalimu Redempta, mwenye miaka kumi na mmoja kazini, huwatoa nje. Mizizi wanaisomea kwenye korongo, miamba wanaisomea juu ya miamba yenyewe, na maua wanayasomea kwenye shamba la alizeti, chini ya mti wa mgunga uliotundikwa mizinga mitatu ya magogo.

"Kitabu kinasema nyuki hubeba chavua," anasema. "Mtoto akiiona miguuni mwa nyuki, ya njano kama unga, hasahau. Lakini mzazi akiona mtoto yuko shambani saa za masomo, anasema mwalimu mvivu."

Maneno hayo yalikuwapo zamani. Mwezi uliopita yakapata miguu.

Siku moja Mwalimu aliwaambia watoto kesho kuna safari. Hakusema zaidi. Watu wa hapa wanajua safari ni nini: mtoto hufuliwa, huogeshwa, hupakwa mafuta hadi ang'ae, asije akaiaibisha nyumba. Na siku hizi, tangu biashara ziwe ruksa, duka la Gaspari Njiku limejaa sabuni zilizofungwa kwa karatasi na mafuta ya manukato ambayo zamani ungeyasikia tu kwa mtu aliyetoka mbali.

Kesho yake darasa zima lilifika mizingani likinukia kama harusi. Nyuki, wasiopenda manukato, walishuka.

Jesca aliumwa mara kumi na nne, akalala kituo cha afya siku mbili, macho yamevimba hadi kuziba. Habari ilifika gulioni kabla yeye hajafika kwa mganga. Kufikia jioni watu walikuwa wanasema wamekufa watatu.

"Mafuta niliyakopa mimi mwenyewe, nikampaka mpaka nyuma ya masikio," anasema mama yake, Dorkas. "Nilitaka apendeze. Watu wanamlaumu Mwalimu, mimi nakosa pa kuficha uso."

Mwalimu Redempta hakimbii lawama. "Nilisahau kuwaambia jinsi ya kuja. Wao walifanya walivyolelewa."

Kamati ya shule ilitaka somo la nje lifutwe. Baada ya mabishano ya saa tatu nzima ikampa asubuhi moja, hii ya leo. Nyuki akimuuma mtoto hata mmoja, darasa la sita litabaki ndani na vitabu vyake vinne. Mwenyekiti wa kamati ataongozana nao, ashuhudie.

Mwenyekiti ni Gaspari Njiku, yule mwenye duka.

Anafika amevaa koti. Akitoka hapa anapanda gari kwenda mjini Singida kufuata bidhaa, na amejiandaa kwa safari. Marashi yake yanatangulia. Watoto wanamwamkia kwa pamoja, shikamoo mzee, kisha wanatazamana. Jesca anamtazama Mwalimu. Mwalimu anatazama chini.

"Ningemwambiaje?" anasema baadaye. "Yeye ndiye aliyeshika kisu."

Msafara unaondoka kimya. Wanapita mtama, wanapita miamba miwili mikubwa. Mgunga unaonekana. Sauti ya mizinga inasikika, nyembamba, haijakasirika. Nyuki mmoja anaizunguka kola ya Mwenyekiti. Yeye anampunga kwa mkono. Wanakuja wawili.

"Mzee, tafadhali usipunge," Mwalimu anasema kwa sauti ya chini.

"Mwalimu, unaniogopesha au unanifundisha?"

Zimebaki hatua kama sitini. Watoto wamesimama, mikono imebana mbavuni kama walivyofundishwa. Hakuna anayepumua kwa nguvu. Jesca anatoka kwenye mstari, anapiga goti kidogo mbele ya mtu mzima ambaye hata baba yake humwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Tumeshaamkiana, mjukuu wangu."

"Mzee, unanukia vizuri sana." Anagusa kope zake. "Hata mimi siku ile nilinukia vizuri."

Gaspari anamtazama. Makovu bado yako kwenye kope za Jesca. Anavua koti polepole, analikunja, anarudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye miamba, nyuki wanne wakimsindikiza.

Watoto wanaingia kwenye alizeti. Kila watatu wanachagua ua moja na kuhesabu nyuki wanaotua. Kwa muda mrefu hakuna kinachosikika ila minong'ono: saba, nane, huyo ana unga. Jua linapopanda juu ya mgunga, Mwalimu anainua mkono na wote wanatoka. Anawahesabu mara mbili. Hakuna aliyeguswa.

Kwenye miamba, Mwenyekiti ameketi ameshika sikio. Limevimba, jekundu kama nyanya.

Watoto wanajikaza wasicheke. Mwalimu hacheki hata kidogo, anangoja hukumu.

"Tulikubaliana mtoto akiumwa," Gaspari anasema, akiinuka. "Mimi si mtoto. Endeleeni." Kisha anamgeukia Jesca. "Na wewe, siku nyingine ninuse mapema."

Mwalimu Redempta sasa anataka mzinga wa shule yenyewe, utundikwe kabla ya maua ya mwakani. Gogo ameshapata. Anachotafuta ni mtu wa kulichonga, na namna ya kuwatangazia wazazi siku ya kwenda bila kutumia neno safari.