Asubuhi Niliyomnyima Kiprotich Bunduki

Siku yangu ya kwanza kazini niliwekwa kwenye kaunta ya ripoti, katika kituo kimoja katikati ya jiji la Nairobi, na kabla ya adhuhuri miguu ilikuwa imevimba ndani ya buti mpya. Nilitoka chuoni nikijua kupiga gwaride, kulenga shabaha na kukariri vifungu vya sheria. Mtu wa kwanza kuja mbele yangu alikuwa mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa amenyang'anywa mkoba. Nikamwuliza jina, umri, na anakoishi. Alifungua mdomo, sauti ikakataa.

Sajenti wa zamu, mwanamume mnene asiyependa maneno, alinisogeza kando kwa bega.

"Konstebo, huyu mama amesimama tangu aingie. Wewe unaandika nini?"

Akamletea kiti na maji, akaketi naye bila kumwuliza lolote. Mama alipotulia alieleza mwenyewe kila kitu, hata rangi ya shati la mwizi. Mwizi hatukumpata. Lakini mama yule alikuwa akipita kituoni akielekea dukani kwake na kutusalimu, na mimi nikaanza kuelewa kwamba sehemu kubwa ya kazi hii ni kukaa na watu siku yao mbaya kuliko zote. Hilo ndilo huchosha. Mbio na magwanda mwili huzoea.

Kutoka mjini nilihamishiwa Karen, mtaa wa matajiri. Kule mlalamishi mara nyingi haji mwenyewe, humtuma mlinzi, na wewe ukienda kuchunguza unazungumza na lango. Kengele za majumba zililia kwa sababu ya paka, kwa sababu ya upepo, kwa sababu mtoto kagusa kitufe, na kila mara ilibidi twende, maana siku utakayopuuza ndiyo siku ya majambazi. Nilipandishwa cheo huko, nikawa koplo, kisha sajenti. Magoti nayo yakaanza kunidai haki yao.

Uhamisho wangu wa mwisho ulikuwa kwenye kituo kidogo upande wa Kabiria, na hapo ndipo nilipokaa mpaka nikastaafu. Kilikuwa nyumba ya mabati na mawe: chumba cha ripoti, seli, ofisi ya mkuu wa kituo, na ghala la silaha lenye mlango wa chuma. Askari tulikuwa wachache kiasi kwamba mmoja akiugua, mwingine hafi moyo tu, anakosa hata kula.

Kazi ya kituo kama kile ina misimu yake kama shamba. Januari ni wazazi na shule, watoto waliopotea njia, na mioto, kwa sababu jua ni kali na nyumba za mabati zimebanana. Mvua za masika zikija, ni mto. Katikati ya mwaka ni ugomvi wa mipaka na wa kodi za nyumba, na mikutano ya kamati ya usalama ya jamii, yaani wenyeji tunaoketi nao tukasikia kinachowasumbua kabla hakijawa kesi. Desemba watu wanaenda mashambani, nao wavunjaji wa nyumba wanabaki mjini. Mwaka ukiisha, unaanza tena palepale.

Katikati ya hayo yote kuna mafunzo ya kila mwaka. Mkuu wa kituo, ambaye nyinyi mnamwita OCS, alinikabidhi ghala la silaha na mafunzo kwa pamoja, kwa sababu hakuna mwingine aliyeyataka. Shabaha ilikuwa lazima. Huduma ya kwanza ilikuwa lazima. Mimi nikaongeza jambo la tatu: kikao cha kuzungumza juu ya yale tunayoyaona kazini.

"Sajenti Nafula," mkuu aliniambia, akiwa hajainua macho kutoka kwenye chai yake, "mazungumzo hayashiki mwizi."

"Ni kweli, Afande. Lakini askari asiyelala pia hamshiki."

Akaniruhusu, nadhani kwa sababu alikuwa amechoka kubishana. Nikamwalika Mwalimu Zuhura, mama wa Kimombasa aliyefundisha madrasa mjini na kusomea unasihi ukubwani. Alikuja amejitanda buibui, akawasalimu askari kwa Kiswahili kile cha kwao, nao wakatazamana wakitabasamu.

"Wanangu," akasema, "nani kati yenu ameona kitu mwaka huu ambacho hakijamtoka?"

Askari wakatazama buti zao. Kisha mmoja nyuma akasema, "Mimi nimeona mshahara, Mwalimu, ukanitoka siku hiyo hiyo." Wote wakaangua kicheko, na Zuhura akacheka nao. Konstebo Kiprotich alicheka kuliko wote. Alikuwa kijana mrefu wa kutoka Bomet, mwepesi wa mzaha, aliyependwa hata na mahabusu. Zuhura aliwaachia namba yake ya simu, akaenda zake. Niliona haya kwa niaba yetu.

Masika ya mwaka huo yalikuja na hasira. Alasiri moja mto ulivuka kingo zake ukaingia kwenye nyumba za bondeni, nasi tukaitwa. Tulifunga kamba kwenye nguzo ya umeme, tukawatoa watu mmoja mmoja. Kiprotich ndiye aliyekuwa mbele, maji yakiwa kifuani. Alimfikia mzee mmoja fundi cherehani, ambaye sote tulimjua kwa kuwa ndiye aliyetushonea sare zikichanika. Akamshika mkono. Mimi nilikuwa nimeishika kamba, niliwaona wote wawili. Maji yakaleta bati, likampiga mzee ubavuni, na mkono ukateleza.

Tulimpata siku iliyofuata, chini kabisa karibu na daraja. Kiprotich ndiye aliyemtambua. Kesho yake alikuwa zamuni kama kawaida, na hakuna aliyemwambia neno zaidi ya "pole, bro." Kulikuwa na kazi.

Nawaambia sasa nilichokiona, ili nanyi mkikiona mkijue. Hakuacha kazi wala hakulewa. Aliacha mzaha. Likizo yake ilifika hakuiomba. Alimpa mwenzake redio yake ndogo aliyokuwa akisikiliza mpira, akasema haihitaji tena. Kila kitu kimoja kimoja kilikuwa na maelezo yake. Na mimi nilikuwa na kazi za mwaka mzima mezani, nikayachukua maelezo hayo.

Asubuhi moja baada ya gwaride, askari walipanga foleni kwenye dirisha la ghala kuchukua bunduki. Hiyo ni kazi ya dakika chache: jina, silaha, risasi, sahihi, afuataye. Kiprotich alifika dirishani, msafi kupita kiasi, buti zikimetameta.

"Asante kwa kila kitu, Afande," akasema.

Nimefanya kazi kwenye dirisha lile kwa muda mrefu, na sijapata kuona askari akishukuru kupewa bunduki. Wananung'unika kuwa ni nzito. Nilimtazama. Uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu aliyemaliza safari.

Nikairudisha bunduki ndani.

"Leo hupati. Ingia hapa kwa mlango."

"Sarge, kwani nimedu nini?" Askari waliokuwa nyuma yake walianza kuchungulia. "Mbona unaniaibisha hivi mbele ya watu?"

"Ingia, Kiprotich."

Mkuu wa kituo akasikia kelele, akatoka. Siku hiyo kulikuwa na ulinzi wa mtihani katika shule moja huko Muthangari, na Kiprotich ndiye aliyepangiwa.

"Kuna shida gani?"

"Afande, Konstebo Kiprotich hayuko sawa. Sitampa silaha."

"Ana homa?"

"Hapana, Afande."

"Amekunywa?"

"Hapana."

"Basi ni nini? Nani atakwenda Muthangari, mimi? Sajenti, hii ni amri. Mpe bunduki aende kazini."

Ningeweza kukosea. Ningeweza kuwa nimemvunjia heshima kijana bure na kukaidi amri mbele ya kituo kizima, nikiwa nimekaribia kustaafu. Funguo za ghala zilikuwa kiunoni mwangu. Nikazishika.

"Nitakwenda mimi Muthangari, Afande. Ukitaka kunishtaki, nitakuwa huko."

Mkuu alinitazama, akamtazama Kiprotich. Sijui aliona nini. Akageuka akarudi ofisini na kufunga mlango.

Nilimkalisha Kiprotich ndani, nikavuta kiti changu mpaka magoti yetu yakakaribiana. Mafunzo yote niliyowahi kupewa yalinitoka. Nikamwuliza waziwazi, "Ulikuwa unataka kujiua leo?"

Alikunja ngumi moja. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mkono wake ulikuwa na ile pete ya kushonea, Afande. Kwa kidole. Bado naisikia hapa." Akafungua kiganja chake akanionyesha, kana kwamba pete imo. Halafu akalia, kijana mzima, hadi akashika ukuta.

Nilimpigia Mwalimu Zuhura. Alikuja moja kwa moja kutoka darasani, chaki mikononi. Nikamwachia chumba, nikamwomba Konstebo Wairimu asitoke mlangoni, na mimi nikaenda Muthangari kusimama juani mpaka watoto walipomaliza mtihani. Nilirudi nikakuta Kiprotich amepelekwa hospitali, Zuhura na Wairimu wakiwa naye. Mkuu ndiye aliyetoa gari.

Hakunishtaki. Wala hakuniomba radhi, na sikumngoja afanye hivyo. Kiprotich alipotoka hospitali alirudi kwetu, akawekwa kwenye kaunta ya ripoti, bila silaha. Wengine walimcheka mwanzoni. Nilikuwa nimechoka kuwakemea, nikawapangia kuosha choo cha mahabusu, kicheko kikaisha. Yeye alikaa na wenye shida kuliko askari yeyote niliyemjua. Watu wa bondeni walikuja wakamwulizia kwa jina.

Mafunzo ya mwaka uliofuata, Zuhura aliuliza swali lake lile lile. Askari wakatazama buti zao tena. Mara mkuu wa kituo, aliyeketi safu ya mbele kwa sababu ya cheo chake, akavua kofia.

"Mimi nilikuwa na rafiki tulitoka chuo pamoja," akasema. "Tulimzika. Alikuwa ameniambia amechoka, nikamwambia sote tumechoka."

Hakuendelea. Lakini baada ya hapo walizungumza, mmoja baada ya mwingine, mpaka chai ikapoa.

Nilistaafu mwaka huo. Waliniaga kwa soda na keki, nikakabidhi funguo kwa sajenti mwingine, nikamwambia awe anawatazama watu usoni. Akasema ndiyo, kama tunavyosema wote. Sina hakika kama kazi hii inaweza kufanywa vizuri na watu wachache hivyo. Mimi imenila. Nakaa Riruta, si mbali na kituo, nikisikia king'ora bado nasimama, na mambo mengi niliyoyaona nayapata usingizini yakiwa mapya.

Kiprotich hunipigia simu Jumapili. Huwa tunazungumza habari za mahindi ya kwao, mtoto wake, na mkuu mpya wa kituo chetu asiyependa chai. Mimi humsikiliza sauti zaidi ya maneno. Juma lililopita alizikatiza ghafla habari za mahindi.

"Mama," akasema. Siku hizi haniiti Afande. "Na wewe je? Uko sawa kweli?"

Katika miaka yangu yote ya kazi sikumbuki mtu aliyeniuliza hivyo akangoja jibu. Nilikuwa na jibu tayari mdomoni, lile la siku zote. Sikulisema.

"Hapana," nikamwambia. "Sijawa sawa kwa muda mrefu."

Nilimsikia akisogeza kiti, akimwambia mtu ampe koti.

"Basi weka chai, Mama. Niko njiani."