Kadi Iliyobonyezwa Sana

Mama mkwe wangu alikuwa akibonyeza muhuri kama mtu anayeua mende. Nilimwambia hivyo usoni, tena zaidi ya mara moja, maana mimi mdomo wangu hauna breki.

Kila mitihani inapokaribia, nyumbani kwangu Mugutha meza hujaa kadi za kuwatakia watahiniwa heri, zile tunazoziita saksesi kadi. Siku hizi wengi hutuma ujumbe wa simu na kujiona wamemaliza kazi, lakini mtahiniwa bado anapenda kitu cha kubandika ukutani na kuwaringia wenzake. Mihuri naichonga mwenyewe kwa wembe, kutoka kwa soli za slipa zilizokwisha. Ninayo ya kalamu, ya kitabu kilichofunguliwa, na ya waridi. Hilo waridi lilinichukua siku tatu na sikumruhusu mtu kuligusa.

Isipokuwa Mami, ndivyo ninavyomwita mama mkwe. Mwaka jana alianza kuja kila Jumamosi kutoka Thika, ambako alistaafu kutoka kiwanda cha nguo. Alisema kwake kumekuwa kimya mno. Nikampa waridi, naye akawa analibonyeza kwa mikono miwili, midomo ikichezacheza, mpaka wino unafurika kwenye petali. Kadi nyingi nilizitupa huku nikinung'unika. Hata hivyo nilimpenda, na Ijumaa jioni nilikuwa tayari namwandalia kiti.

Jumamosi moja jirani alikuja kuagiza kadi ya shangazi yake, mwanamke wa miaka hamsini na kitu aliyejiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne. Jirani alipotoka nikacheka, nikasema huyo shangazi anatafuta cheti cha kuzikwa nacho. Mami hakucheka. Aliweka muhuri chini, akafuta vidole polepole, akasema anawahi gari.

Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Kwenye simu alisema ni goti. Nikaamini, hadi Alhamisi moja nilipoinua bunda la karatasi za manila za kutengenezea kadi nikakuta daftari la hesabu chini yake. Mwandiko ulikuwa wa Mami. Hesabu nyingine zilikuwa zimefutwa na kurudiwa hadi karatasi ikatoboka. Ndani ya jalada alikuwa amebandika ratiba ya mtihani wa kidato cha nne, na juu yake ameandika jina lake na namba ya mtahiniwa. Mtihani wa kwanza ulikuwa Jumatatu iliyokuwa inakuja.

Nilijichukia. Nikachukua manila safi na muhuri wa waridi, nikaubonyeza kwa mikono miwili nikimwombea, na sikuangalia wino unaenda wapi.

Kesho yake nilikuwa mlangoni pake Thika. Nilimpa daftari kwanza, nikamwomba msamaha kabla hata sijaketi. Akaniambia nisijisumbue, kwa sababu alishaamua hataenda.

"Nilikuwa nakuja kwako nipunguze uoga," alisema. "Kila kadi nilipiga, nilikuwa najiombea mimi. Halafu ukacheka, nikaona ni ukweli. Nitaingia kwa hiyo klasi, watoto wanicheke."

Nikamwambia wa kuchekwa ni mimi, niliyekaa meza moja na mtahiniwa wiki zote hizo nisimwone. Nikatoa kadi mkobani. Ndani nilikuwa nimeandika jina lake lote, kama linavyosomeka kwenye ratiba.

Alivaa miwani, akaisogeza kadi karibu na dirisha. Petali zote zilikuwa zimeshikana, na doa la wino limefika hadi pembeni. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko kadi yoyote niliyowahi kumwonyesha.

"Umebonyeza sana," alisema.

Kisha akaisimamisha mezani, akavuta daftari, akaniuliza kama nina nafasi ya kumwangalizia hesabu mbili tatu kabla ya Jumatatu.