Kupiga Nyumbani kwa Nyanya

Juzi mjukuu wangu alinijia na daftari la Kiingereza, uso umemvimba kwa hasira. Kitenzi kimoja tu, "take", na mwalimu amewapa maana kumi na tatu: kuchukua, kunywa dawa, kupanda basi, hata kupiga picha. "Koko, hawa watu hawana maneno ingine?" Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Loo! Anamlalamikia Mwingereza, na yeye mwenyewe amezaliwa katika lugha ya kupiga!

Hebu fikiria mwenyewe. Kindu, mji wa utoto wangu, enzi za Mbelgiji, ilipiga tangu alfajiri. Meli ikipiga honi pale mtoni Lualaba, garimoshi likipiga firimbi, jirani akipiga hodi hata mswaki hatujapiga, nasi wasichana tumepiga magoti tunapuliza moto. Nyanya, mama mzaa baba, ndiye aliyenilea, na riziki yake ilikuwa kupiga pasi. Pasi ya makaa, nzito ajabu. Nguo za sikukuu za mtaa wetu wa Waislamu karibu zote zilipita mikononi mwake, zikinukia moshi na wanga wa muhogo.

Kupiga kumoja tu hakukuingia kwetu: kupiga mtoto. Kabla sijazaliwa, babu alilazwa chini mbele ya ofisi ya serikali, akapigwa fimbo kwa kuchelewa kazini, mkewe akiangalia. Tangu siku hiyo nyanya alisema, "Kwangu fimbo haiingii." Majirani walimcheka. Walisema mimi nitaharibika.

Na kweli, niliharibu. Jioni ya mwisho ya Ramadhani, jirani yetu, karani wa stesheni, alileta kanzu yake nyeupe. Alikuwa nayo hiyo moja tu. Nyanya alikwenda kuteka maji, akaniachia kazi, akinikumbusha: pasi ipite kwanza juu ya jani bichi la mgomba, ukali upungue, ndipo iguse nguo. Mimi nilijiona fundi. Jani la nini? Nimeanza tu, mara ngoma ikapigwa: mwezi umeonekana! Nikaruka nje kupiga vigelegele na wenzangu, na pasi nikaiacha mgongoni mwa kanzu. Harufu ya kuungua, nadhani mimi ndiye niliyeisikia wa mwisho.

Karani alikuja akakuta tundu la ukubwa wa pasi. "Mama, kesho nitasali na nini? Huyu mutoto umupige! Leo umupige!"

Nyanya alinitazama, nami nikaona mkono wake unainuka, mara ya kwanza maishani mwangu. Kisha ukashuka. Akaingia chumbani, akafungua sanduku, akatoka na kanzu ya marehemu babu. Ile hakuna mtu aliyeruhusiwa hata kuigusa. Akaitandika, akapitisha pasi juu ya jani, akaipiga taratibu, mkunjo baada ya mkunjo.

"Chukua, baba. Sasa iko yako."

Karani aliipokea kwa mikono miwili.

Asubuhi wanaume walipita kwenda msikitini. Karani alikuwa na kimo cha babu. Nyanya alisimama mlangoni, akautazama mgongo ule mpaka ukapotelea kwenye kona. "Babu yako njo vile alikuwa anatembea," akaniambia.

Kindu ile imekwisha, ndugu yangu. Pasi za makaa watu wameziuza chuma chakavu, na siku hizi mgeni hapigi hodi, anakupigia simu akiwa mlangoni kwako. Nyanya nilimzika mwenyewe, na ile kanzu sijui ilichakalia wapi. Wajukuu wangu sijampiga hata mmoja; hilo nimelichukua kwake. Lakini asubuhi ile, nikimwona amesimama pale ameshika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili, mimi mtoto wa miaka tisa niliona heri angenipiga.