Pikipiki Inayokunywa Maji

Mume wangu ana tabia moja inayonitia hasira kuliko zote: ukimsema, hajibu. Unamwaga maneno yote uliyonayo, yeye anakutazama kama anasikiliza taarifa ya habari, kisha anauliza kama chai imebaki. Kwa wiki tatu nilimsema kuhusu pikipiki yake, na kwa wiki tatu hakujibu.

Pikipiki yenyewe haikuwa ya kawaida. Bodaboda nyingi hapa mjini injini zake zinapozwa na upepo tu. Ya kwetu ilikuwa mtumba kutoka Japani, pana, ina rejeta mbele kama gari, na maji yanazunguka ndani ya injini kuipoza. Uani kwetu waliiita pikipiki inayokunywa maji. Aliinunua baada ya miaka minane ya kusukuma mkokoteni Kariakoo, mgongo ukiwa umeshaanza kumgomea. Akawa anabeba majora ya vitambaa kutoka maduka ya jumla kwenda kwa mafundi cherehani wa Buguruni na Temeke, na jioni anarudi amenyooka kama watu wengine. Daktari alimwambia wazi, nami nikiwepo, kwamba akirudi kwenye mkokoteni mgongo ule hautamaliza mwaka.

Kisha pikipiki ikaanza kuchemka. Mwanzoni ilikuwa kwenye foleni tu, taa nyekundu inawaka, anasimama pembeni inapoa, anaendelea. Baadaye ikachemka hata Jangwani siku ya Jumapili, barabara nyeupe na upepo wote ule. Fundi mmoja wa Buguruni akaitazama, akang'oa thamostati, kile kidude kinachoyazuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto. Akasema nchi yenyewe joto hivi, kidude cha nini? Haikupona. Alipoirudisha mara ya pili fundi akapiga mluzi, akasema hedi, kile kichwa cha injini, imekufa, injini imepikwa, uzeni spea.

Mnunuzi nilimtafuta mimi. Alikuwa bwana mmoja wa mtaa wa Gerezani anayenunua pikipiki mbovu na kuzichambua, wenyewe wanasema wanazichinja. Tukakubaliana tumpelekee Jumamosi, kabla ya saa nane mchana. Mume wangu nilipomwambia alichukua kitambaa akaenda kuifuta vumbi. Nami sikumwacha afute kwa amani. Nilimwambia ameipika mwenyewe kwa kujionyesha barabarani, na nikahakikisha majirani wamesikia.

Jumamosi asubuhi tukaisukuma kwa miguu, yeye kwenye usukani, mimi nyuma, nasukuma huku nasema. Tulipofika Gerezani jua lilikuwa limeshakuwa kali, tukasimama kwenye kivuli cha duka la mabomba la ndugu fulani, Waarabu wazaliwa wa pale pale. Pembeni ya duka kulikuwa na kichochoro, na ndani ya kichochoro mmoja wa wale ndugu alikuwa anatengeneza pikipiki. Mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, msuli umefungwa juu ya magoti, uso wa mtu aliyeudhiwa tangu juzi.

"Mnaisukuma wapi hiyo?" akauliza bila salamu.

"Kwenye kuchinjwa," nikasema. "Hedi imekufa."

"Nani kaipima?"

Nikamtaja yule fundi wa Buguruni.

"Sikuuliza nani kasema, shemeji. Nimeuliza nani kapima. Mnataka kuzika mtu hamjamshika hata mapigo?"

Mume wangu akanitazama. Nikatazama simu, saa nne na nusu. Nikasema haya, apime.

Mafundi nimewaona wengi. Wanafungua kwanza, wanauliza baadaye, na mwisho wanakurudishia pikipiki pamoja na nati moja mkononi wanayosema haikuwa na kazi. Huyu alikuwa na mfuko wa turubai wa spana umening'inia ukutani, umefungwa kamba mafundo mawili. Mume wangu alipounyoosha mkono ili amsaidie kuuteremsha, alimkemea. Akasema mfuko ule haufunguliwi mpaka ugonjwa upate jina. Ndiyo sheria ya pale, na kaka zake dukani wakacheka, wakasema amewafukuzia wateja wengi kwa sheria hiyo.

Akakaa kwenye ndoo, akaanza kuuliza. Inachemkia wapi, kwenye foleni au kwenye mwendo? Mwanzo foleni, mume wangu akajibu, siku hizi popote. Feni ya rejeta inazunguka? Inavuma mpaka masikio yanauma.

"Basi feni muache, hana kesi," akasema fundi. "Ingekuwa foleni peke yake ningemkamata yeye. Ikichemka kwenye upepo, maji hayatembei. Au hayapo."

Kwa kuwa tuliisukuma, injini ilikuwa ya baridi, na hilo lilimfurahisha. Ingekuwa ya moto asingegusa mfuniko wa rejeta, maji yangeturukia usoni. Akaufungua, akaugeuza, akatuonyesha mpira wake wa ndani umepasuka. Akaeleza kwamba mvuke unatorokea hapo, ndiyo maana maji yanapungua kila siku. Akauweka pembeni juu ya tofali. "Huyu mwizi mdogo," akasema. "Mkubwa bado yumo ndani."

Akaiwasha, mdomo wa rejeta ukiwa wazi, akatuita wote wawili tuchungulie. Kama hedi imekufa, alisema, moshi wa injini unapenya kwenye maji na mtaona mapovu kama uji unaotokota. Tuliinamisha vichwa vitatu juu ya tundu lile dogo. Maji yalitikisika kidogo, basi. Hakuna povu. Akaizima, akachomoa kijiti cha oili, akakifuta kwenye karatasi nyeupe. Ingekuwa maji yameingia, oili ingefanana na chai ya maziwa. Ilikuwa nyeusi, safi.

"Hedi nzima," akasema. "Hii injini inaishi."

Mume wangu akakaa chini, pale pale kwenye ukingo wa mtaro, na suruali yake ya kutokea. Mimi niliyeishi naye miaka yote hiyo ndipo nilipojua kwamba kumbe alikuwa anaogopa.

Nikiri kwamba kuanzia hapo nilisahau hata kuangalia saa. Napenda sana kumwona mtu anayejua kazi yake. Fundi akafunga mfuniko mwingine wa kuazima, akaiwasha tena, akashika hozi mbili za rejeta, ile mipira ya kupitishia maji, ya juu kwa mkono wa kulia, ya chini kwa wa kushoto, akafumba macho. Wapita njia walikuwa wanapita na mabelo ya mitumba vichwani, wanapiga kelele tupishe, yeye hasikii. Baada ya muda akasema ya juu ni ya moto, ya chini ni baridi. Mwenye tabia hiyo mara nyingi ni thamostati iliyoganda. Mume wangu akasema kwa sauti ndogo kwamba thamostati haipo, iling'olewa. Fundi akamtazama kwa masikitiko ya kweli, kama aliyeambiwa kuna msiba.

"Sawa. Basi na yeye hana kesi."

Akaizima feni isimsumbue, akapitisha ncha za vidole taratibu juu ya uso wa rejeta, mstari kwa mstari, akivirudisha haraka palipounguza. Juu moto. Katikati moto upande mmoja. Kona yote ya chini ilikuwa baridi, akaiwekea kiganja kizima bila wasiwasi. "Huku maji hayafiki," akasema. "Kumeziba."

Injini ilipopoa akayakinga maji kwenye sufuria jeupe. Yalitoka na vipande vyeupe vyembamba, vinazama polepole. Akachovya kidole, akagusa ncha ya ulimi, akatema mate mtaroni.

"Chumvi. Maji ya kisima haya. Nani anaijaza maji?"

Uani kwetu kuna kisima, maji yake ya chumvi kama vilivyo visima vingi vya mjini. Kila mtoto wa nyumba ile anajua: ya bomba ni ya kunywa na kupikia, tena yanakuja yanapopenda, ya kisima ni ya kufulia na kudekia. Mimi siwezi kubandika chai kwa maji ya kisima, hata ndani ya birika yanaacha magamba meupe. Lakini pikipiki ilipoanza kupungukiwa maji nilijipa mwenyewe kazi ya kuijaza kila alfajiri. Nilichota kisimani. Chombo cha chuma, nilijiambia, kitajuaje ladha?

"Mimi," akasema mume wangu.

Fundi akamgeukia. Naapa sijawahi kumsikia mtu akisemwa vile, na mimi ni mtu wa kusema. Alimuuliza kama chai yake anapikia maji ya kisima. Hapana. Kwa nini? Ya chumvi. "Kwa hiyo tumbo lako unalionea huruma, injini yako unailisha chumvi! Ikikauka inaganda mle ndani kama ukoko, halafu unasema hedi imekufa! Mwanamume mzima!" Kaka zake wakatoka dukani kusikiliza. Mume wangu aliinamisha kichwa, akasema kweli fundi, nimekosa fundi. Nami mwenye mdomo unaojulikana uani kote nilisimama pale nimeubana. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sikujua kwamba nguo zenyewe ni khanga zangu.

Hapo ndipo mfuko wa spana uliposhuka. Aliing'oa rejeta, akaijaza siki na maji ya moto, akaitikisa, akaiacha, akaimwaga, akarudia. Uchafu ulitoka mweupe, mwingi, wa kutia aibu. Akaisuuza kwa maji ya betri, yasiyo na chumvi, mpaka yakatoka yalivyoingia. Akaweka thamostati aliyoikuta kwenye injini moja iliyokufa kifo cha haki, mfuniko mpya, na kulanti, yale maji ya kijani ya kupozea injini. Kila nati aliifunga kwa mkono kwanza, kisha spana, na hakuna iliyobaki.

Akaiwasha. Tukangoja kwenye lile joto.

"Shemeji, shika hozi ya chini," akaniambia. "Usiachie."

Nikaishika. Ilikuwa baridi, ikaendelea kuwa baridi, mpaka nikaanza kuomba dua kimoyomoyo. Kisha joto likaja, ghafla, likashuka hozi nzima chini ya vidole vyangu, na taa nyekundu haikuwaka. Robo saa, haikuwaka. Simu ikalia, ni yule mnunuzi, anauliza tuko wapi, saa nane imepita. Nikamwambia haiuzwi. Akasema si hedi imekufa? Nikamwambia hedi nzima, na nikakata.

Fundi alikuwa anafuta mikono, ameanza upya kumuonya mume wangu kuhusu kisima, kwamba akirudia asikanyage tena kichochoro kile. Mume wangu anaitikia tu, ndiyo fundi, ndiyo fundi. Nikashindwa.

"Fundi, ni mimi," nikasema. "Yeye hajawahi kuijaza hata siku moja."

Akamtazama yeye, akanitazama mimi. "Basi yote niliyomwambia yalikuwa yako," akasema. "Yachukue." Akaingia ndani na mfuko wake.

Tukabaki wawili barabarani, pikipiki inanguruma taratibu.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Alipoonja tu."

"Kwa nini hukusema?"

Akavaa helmeti bila haraka. "Wewe mtu wa usingizi," akasema. "Kila alfajiri nasikia mlango wa uani, unaenda kuinywesha. Mimi hakuna mtu aliyewahi kuniamkia hivyo. Nianze kukuumbua mbele za watu?"

"Na wiki tatu nilizokusema?"

"Hizo nazo nilizisikia. Panda twende."

Nikapanda. Nilitaka kumwomba msamaha, na mdomo ambao haujawahi kukosa neno ukakosa. Nikauegemeza uso kwenye mgongo ule niliokuwa tayari kuurudisha kwenye mkokoteni, nikalia mpaka tunafika nyumbani.