Taa ya Chumba cha Kipandauso

Wagonjwa walimpachika jina la Daktari Giza, naye alilicheka chinichini, maana hata kicheko alikipunguza sauti. Nesi wake alimjua kwa viatu vya raba visivyolia, kwa mikono aliyoiosha kwa sabuni isiyo na harufu, na kwa taa ya chumba chake ambayo haikuwashwa kamwe. Kwa mwenye kipandauso, alisema, mwanga ni msumari. Pazia likishashushwa, humuuliza kila mtu swali lilelile, hata aliyefuata tu sindano mpya ya kila mwezi ya kukizuia: “Kilianza polepole, au kilikupiga ghafla?” Wakijibu “polepole”, mabega yake hulegea, na nesi naye hushusha pumzi bila kujua kwa nini.

Asubuhi moja akaingia mama muuza vitambaa, mgonjwa wao wa siku nyingi, ambaye sindano zile zilimpa nafuu hadi akaanza kuwatania. “Ni kilekile tu, daktari,” alisema, kajishika kisogo. “Ila leo kimenipiga kama radi, nikiwa naanika nguo.” Daktari akamwomba ainamishe kidevu kifuani. Shingo ikakataa. Basi akanyanyuka, akapapasa ukuta kama mgeni, akabonyeza swichi. Taa ikapepesa, ikawaka, na nesi, aliyedhani imekufa zamani, akamwona daktari akiinama kumchungulia mama mboni za macho.

“Jamani, mbona umewasha?” mama akalia, kajifunika macho. “Si kipandauso tu?”

Daktari alimgeukia nesi. “Dada, kimbia kaite gari la wagonjwa. Huenda mshipa umepasuka kichwani.”